Koili ya kuchochea neva kwa sumaku

Koili ya kuchochea neva kwa sumaku ni waya wa shaba uliozungushwa mara kadhaa na kufunikwa kwa plastiki, unaotumika katika tiba na utafiti kuamsha neva bila kupasua ngozi na bila kubandika elektrodi za kupitisha umeme. Mkondo mkubwa wa umeme hupita ndani ya waya kwa muda mfupi sana, chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mkondo huo huzalisha uga wa sumaku unaopanda na kushuka haraka, na uga huo nao huzalisha uga wa umeme ndani ya mwili. Uga wa umeme ukiwa na nguvu ya kutosha na ukielekea upande unaofaa, neva huamka na msuli wake hukaza.

Makala hii inahusu hasa koili za neva za pembeni, yaani neva zilizo nje ya ubongo na uti wa mgongo, kama zile za mikono, miguu, shingo na nyonga. Suala kuu katika usanifu wa koili hizi ni ufanisi. Sehemu ndogo mno ya nishati inayotoka kwenye mashine huifikia neva. Sehemu kubwa hurudi kwenye mashine au hupotea kama joto. Koili yenye ufanisi mdogo hupata moto baada ya mipigo michache, huhitaji mashine kubwa na ya gharama, na pengine hushindwa kabisa kuifikia neva iliyo ndani ya mwili.

## Historia

Msingi wa teknolojia hii ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831 kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme. Mwaka 1896 daktari na mwanafizikia Mfaransa Jacques-Arsène d'Arsonval aliripoti kwamba mtu aliyeweka kichwa ndani ya koili kubwa yenye mkondo geu aliona vimulimuli na kupata kizunguzungu. Silvanus Thompson wa London alieleza jambo kama hilo mwaka 1910. Leo vimulimuli hivyo huelezwa kuwa vinatokana na kuchochewa kwa retina ya jicho.

Mwaka 1959 Alexander Kolin na wenzake nchini Marekani walikaza msuli wa chura kwa kuchochea neva yake kwa sumaku. Mwaka 1965 Reginald Bickford na mwenzake Fremming waliamsha neva za pembeni za chura, sungura na binadamu kwa mipigo ya sumaku. Mwaka 1982 Polson, Barker na Freeston wa mji wa Sheffield, Uingereza, walionyesha kifaa kilichoamsha neva za binadamu na kuwezesha kurekodiwa kwa mwitikio wa umeme wa msuli. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa mji huohuo waliamsha ubongo wa binadamu kupitia fuvu. Kwa hiyo uchocheaji wa ubongo kwa sumaku, ambao leo unajulikana zaidi, ulitanguliwa na kazi iliyofanywa kwenye neva za pembeni.

Mwaka 1988 Shoogo Ueno na wenzake wa Japani walieleza koili yenye umbo la tarakimu 8, na mwaka 1990 Bradley Roth na Peter Basser walichapisha hesabu zinazoonyesha mahali ambapo neva huamka inapokuwa chini ya koili.

## Jinsi inavyofanya kazi

Nguvu ya uga wa umeme ndani ya mwili hutegemea kasi ya kubadilika kwa uga wa sumaku. Sumaku ya kawaida, hata iwe na nguvu kiasi gani, haiamshi neva ikiwa imetulia juu ya ngozi.

Ngozi, mafuta, mifupa na nguo havizuii uga wa sumaku. Hii ndiyo faida kubwa ya njia hii. Elektrodi huingiza mkondo kupitia ngozi, na mkondo huwa mwingi zaidi palepale juu penye vipokezi vya maumivu. Koili huzalisha umeme ndani ya tishu bila kuulazimisha upenye ngozi, hivyo kwa kawaida maumivu ni machache zaidi.

Uga wa umeme unaozalishwa hufuata mzunguko wa waya, kama kivuli chake, lakini kwa mwelekeo unaopingana na mkondo unaoongezeka. Hilo lina matokeo mawili:

- Chini ya kitovu cha koili ya duara, uga wa sumaku ni mkubwa lakini uga wa umeme ni karibu sifuri. Uga wa umeme huwa mkubwa chini ya waya wenyewe, kwenye pete ya koili. Anayeweka kitovu cha duara juu ya neva huiweka mahali ambapo koili haifanyi kazi.
- Koili ilazwe juu ya ngozi. Ikisimamishwa wima, sehemu kubwa ya waya huwa mbali na mwili. Zaidi ya hayo, chaji za umeme hukusanyika kwenye mpaka wa ngozi na hewa na kufuta sehemu ya uga inayoelekea ndani moja kwa moja.

## Neva hujibu nini

Aksoni, yaani uzi mrefu wa seli ya neva, huamka pale tofauti ya volti kati ya ndani na nje ya utando wake inapopungua hadi kufika kizingiti fulani. Uga wa umeme unaokatiza neva kwa upana una athari ndogo. Unaofaa ni ule unaoelekea kando ya neva.

Hata hivyo, kwa neva ndefu iliyonyooka, uga sawa kila mahali hautoshi. Mkondo unaoingia sehemu moja ya aksoni hutoka sehemu inayofuata, na utando haubadiliki. Roth na Basser walionyesha kwamba neva ya namna hiyo huamka mahali ambapo nguvu ya uga inabadilika haraka kadiri mtu anavyosogea kando ya neva, yaani penye mteremko mkali wa uga. Mahali hapo si chini ya kilele cha uga, bali pembeni yake.

Mambo hubadilika neva ikipinda, ikiisha, au ikipita kwenye tundu la mfupa. Hapo mkondo unaosafiri ndani ya aksoni hulazimika kutoka kupitia utando, na nguvu ya uga yenyewe hutosha kuiamsha. Ndiyo maana mizizi ya neva inapotoka kwenye uti wa mgongo huamka karibu mahali palepale hata koili ikisogezwa kidogo.

Kwa hiyo msanifu wa koili ya neva za pembeni hujiuliza kwanza iwapo neva anayoilenga imenyooka au imepinda. Koili inayofaa kwa hali moja inaweza kupoteza nishati katika hali nyingine.

## Saketi ya umeme

Mashine huchaji kapasita kwa volti kubwa, kisha swichi ya kielektroniki, kwa kawaida thairista, huiunganisha na koili. Kapasita na koili hubadilishana nishati kwa wimbi linalopanda na kushuka.

Mfano wa hesabu unasaidia kuona ukubwa wa vipimo. Chukua koili bapa ya mizunguko 14, yenye nusu kipenyo cha ndani cha sentimita 2.5 na cha nje cha sentimita 6.5. Induktansi yake ni takriban mikrohenri 20. Ikiunganishwa na kapasita ya mikrofaradi 200 iliyochajiwa hadi volti 1500:

- nishati iliyo kwenye kapasita ni jouli 225;
- wimbi zima huchukua takriban mikrosekunde 400;
- mkondo wa kilele, bila kuhesabu ukinzani, ni takriban ampea 4700;
- uga wa sumaku kwenye kitovu cha koili hufika karibu tesla 1.

Kuna aina mbili kuu za mpigo. Katika mpigo wa upande mmoja, mkondo hupanda haraka kisha hufifia polepole, na nishati yote huishia kuwa joto. Katika mpigo wa pande mbili, wimbi hukamilisha mzunguko mzima na nishati iliyobaki hurudi kwenye kapasita. Mashine zinazotoa mipigo mingi mfululizo hutumia aina ya pili, maana kapasita haihitaji kujazwa upya kutoka mwanzo.

Muda wa mpigo nao ni muhimu. Utando wa neva huvuja, hivyo mpigo mrefu hupoteza sehemu ya kazi yake kabla neva haijafika kizingiti. Mpigo mfupi huhitaji nishati ndogo zaidi, lakini hudai volti kubwa, na volti kubwa hudai kihami kinene na swichi ya bei kubwa.

## Idadi ya mizunguko

Ni rahisi kudhani kwamba kuongeza mizunguko ya waya huongeza nguvu ya koili. Sivyo ilivyo. Induktansi huongezeka kwa mraba wa idadi ya mizunguko: mizunguko ikizidishwa mara 2, induktansi huzidi mara 4, na mkondo hupanda polepole zaidi kwa volti ileile. Jedwali hili linaonyesha koili tatu zenye ukubwa na umbo lilelile, zikitoa uga uleule kwa muda uleule:

| Mizunguko | Induktansi (mikrohenri) | Kapasita (mikrofaradi) | Volti | Mkondo wa kilele (ampea) | Nishati (jouli) |
|---|---|---|---|---|---|
| 7 | 5 | 800 | 750 | 9500 | 225 |
| 14 | 20 | 200 | 1500 | 4700 | 225 |
| 28 | 80 | 50 | 3000 | 2400 | 225 |

Nishati haibadiliki. Idadi ya mizunguko huamua tu uwiano wa volti na mkondo, na msanifu huichagua ili koili iendane na kapasita na swichi alizonazo. Ufanisi wenyewe hutafutwa katika mambo mengine: umbo la koili, ukubwa wake, umbali wake na neva, na upotevu wa joto.

## Umbo na ukubwa

### Koili ya duara

Ni rahisi kutengeneza na hufunika eneo kubwa. Hufaa kwa mizizi ya neva shingoni na mgongoni, ambako si lazima kulenga nukta moja. Udhaifu wake ni kwamba pete nzima huzalisha uga, wakati sehemu ndogo tu ya pete hiyo iko juu ya neva.

### Koili ya tarakimu 8

Ina duara mbili zilizo kando kwa kando, na mkondo huzunguka kwa mielekeo inayopingana. Waya za katikati hupitisha mkondo kwa mwelekeo mmoja, hivyo uga wa umeme chini yake hujumlishwa. Koili hii hulenga vizuri zaidi kuliko ya duara. Kwa neva iliyonyooka, mstari wa katikati hulazwa sambamba na neva, na neva huamka kando ya kitovu, si chini yake.

### Koili ya majani manne

Ilibuniwa na kujaribiwa na Roth na wenzake katika miaka ya 1990 kwa ajili ya neva za pembeni. Mizunguko minne hupangwa ili mteremko mkali wa uga, ambao ndio huamsha neva iliyonyooka, uwe chini ya kitovu chenyewe. Hivyo ni rahisi kujua neva inaamka wapi. Gharama yake ni kwamba uga wa mizunguko minne hufifia haraka zaidi kwenda chini, kwa hiyo hufaa kwa neva zilizo karibu na ngozi.

### Ukubwa na kina

Koili ndogo hulenga vizuri lakini haifiki mbali. Kwenye mhimili wa pete yenye nusu kipenyo cha sentimita 2, uga wa sumaku kwa kina cha sentimita 3 ni takriban asilimia 17 ya ule wa kitovuni. Kwa pete ya sentimita 4.5, hubaki takriban asilimia 58. Neva iliyo karibu na ngozi, kama ile ya kifundo cha mkono, hufaa kwa koili ndogo. Neva ya ndani ya nyonga huhitaji kubwa.

Hakuna umbo linaloweza kuukwepa ukweli huu kabisa. Mwaka 1992 Heller na van Hulsteyn walithibitisha kwa hesabu kwamba, katika tishu ya aina moja, haiwezekani kupanga koili za nje ili uga uwe mkubwa zaidi kwa kina kuliko juu. Tishu za juu hupata uga mkubwa daima.

Kwa sababu hiyo kila milimita ina thamani. Kifuniko chembamba kati ya shaba na ngozi, na koili iliyopindwa kufuata umbo la paja au shingo, vinaweza kuleta faida bila kuongeza nishati hata kidogo.

## Joto

Tukirudi kwenye mfano wa juu, ikiwa ukinzani wote wa koili, nyaya na swichi ni miliomu 20, takriban theluthi moja ya nishati, yaani jouli 75, hupotea katika kila mpigo wa pande mbili. Kwa mipigo 10 kwa sekunde, hiyo ni wati 750, inayokaribia joto la pasi ya umeme. Kama nusu ya joto hilo linabaki kwenye koili yenye nusu kilo ya shaba, mipigo 80 hivi, yaani sekunde 8, hutosha kuipandisha kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 41 za Selsiasi. Nyuzi 41 ndicho kikomo cha kawaida cha viwango vya kimataifa kwa sehemu ya kifaa inayogusa mgonjwa kwa muda mrefu.

Njia za kupunguza joto ni hizi:

- Waya unaofaa. Kwa masafa ya hezi 2500, mkondo hupendelea kupita kwenye tabaka la nje la shaba lenye kina cha takriban milimita 1.3. Waya mnene wa mviringo huacha shaba ya katikati bila kazi. Ukanda mwembamba wa shaba, au waya wa nyuzi nyingi zilizotengwa kwa vihami na kusokotwa pamoja, hutumia shaba vizuri zaidi.
- Kiini cha chuma. Uga wa sumaku upande wa nyuma wa koili haufanyi kazi yoyote, lakini unadai nishati. Kiini cha chuma hurahisisha njia ya uga upande huo, hivyo mkondo mdogo hutosha kuleta uga uleule mbele. Charles Epstein na Kent Davey wa Marekani waliendeleza koili za aina hii. Chuma hutengenezwa kwa mabati membamba yaliyotengwa, ili mikondo ya ndani isikipashe moto. Kikomo chake ni kwamba chuma hushiba kwenye takriban tesla 2, na koili huwa nzito.
- Upoozaji. Hewa, maji au mafuta hupitishwa kandokando ya waya. Upoozaji hauongezi ufanisi, bali huondoa joto ambalo limekwisha kupotea. Mabomba yakiingia kati ya shaba na ngozi, huongeza umbali na kupunguza ufanisi.

Nguvu za kimakanika nazo huzingatiwa. Uga wa tesla 1 husukuma waya kwa shinikizo la takriban kilopaskali 400, karibu mara 4 ya shinikizo la hewa. Waya usiposhikwa imara kwa gundi ngumu, kihami huchakaa na koili hupasuka.

## Kupima ufanisi

Koili mbili hulinganishwa kwa nishati inayohitajika kufikia kizingiti cha neva ileile kwa mtu yuleyule. Elektrodi za kurekodi huwekwa juu ya msuli, volti ya kapasita hupandishwa hatua kwa hatua, na volti ambayo msuli huanza kujibu huandikwa. Nishati hupatikana kwa kuzidisha nusu ya kapasita kwa mraba wa volti. Kulinganisha asilimia zinazoonyeshwa na mashine mbili tofauti hakuna maana, kwa sababu kapasita zake zinaweza kutofautiana.

Kabla ya kujaribiwa kwa mtu, koili huigwa kwenye kompyuta, na uga wake hupimwa kwa kitanzi kidogo cha waya kilichounganishwa na osiloskopu.

## Matumizi

- Vipimo vya upumuaji. Mwaka 1989 Thomas Similowski na wenzake wa Ufaransa walionyesha kwamba koili shingoni huamsha neva za kushoto na kulia za kiwambo cha kupumulia kwa pamoja. Njia hii hupima nguvu ya kiwambo hata kwa mgonjwa asiyeweza kufuata maelekezo.
- Nguvu ya misuli. Koili kwenye kinena huamsha neva ya misuli ya mbele ya paja, ili kutofautisha udhaifu wa msuli na uchovu au kukosa bidii.
- Mizizi ya neva. Madaktari hupima muda ambao ishara huchukua kutoka uti wa mgongo hadi msuli.
- Misuli ya nyonga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kumekuwa na viti vyenye koili chini ya kikalio kwa watu wanaoshindwa kuzuia mkojo. Mgonjwa huketi akiwa amevaa nguo zake.

## Mipaka na usalama

Kwa vipimo vya kasi ya ishara katika neva, elektrodi bado hutumika zaidi. Koili haionyeshi kwa usahihi neva imeamka wapi, na mara nyingi haiwezi kuamsha nyuzi zote za neva kwa pamoja.

Koili haipaswi kuwekwa karibu na kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa au vipande vya chuma mwilini. Pete, bangili na saa huvuliwa, kwa kuwa umeme huzalishwa ndani yake pia. Kila mpigo hutoa mlio mkali, hivyo vizibo vya masikio huhitajika. Kebo iliyochubuka au kifuniko kilichopasuka ni sababu ya kuacha kutumia koili, kwani ndani yake mna volti zinazoweza kuua.

Fizikia hiyohiyo hujitokeza kinyume katika mashine za MRI. Koili zake zinazobadilisha uga haraka zinaweza kumfanya mgonjwa ahisi kuchomwachomwa au misuli yake itetemeke. Wasanifu wa MRI hutumia maarifa ya kuamsha neva ili kuepuka kuziamsha.

## Tazama pia

- Michael Faraday
- Sumakuumeme
- Neva
- Kapasita
- MRI